UZI: Ardhi iliyompa Mkwawa ushindi Lugalo 1891, na kilima kilichoiangusha Kalenga 1894

Mleta uzi

Kamwene wakuu,

Shuleni tulipitishwa vita vya Lugalo kwa mistari michache: tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski kamanda wa Wajerumani kauawa, Mkwawa mfalme wa Wahehe shujaa, fungua ukurasa unaofuata. Ushujaa wa Wahehe hauna mjadala. Lakini ushujaa peke yake hautoshi kueleza jinsi jeshi la mikuki na ngao lilivyolimaliza kwa dakika chache jeshi la mizinga na bunduki za rasharasha, halafu miaka mitatu baadaye jeshi hilohilo, safari hii likiwa na bunduki za kuteka, likashindwa nyumbani kwake Kalenga. Watu ni walewale, mfalme ni yuleyule, adui ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali. Lugalo Wahehe waliitumia nchi yao. Kalenga walijifungia ndani ya ukuta, wakamwachia adui ardhi ya juu.

Nianze na ramani, maana bila ramani uzi huu hausomeki.

Anayetoka pwani kuja Iringa lazima apande, hakuna njia ya mkato. Mashariki na kusini kuna milima ya Udzungwa, kaskazini kuna bonde la Ruaha Mkuu lenye joto na mibuyu. Leo tunapanda Kitonga kwa basi na bado abiria wananyamaza kwenye kona. Zelewski hakupita lami yetu. Alitoka Kilwa akafuata upande wa Rufiji, lakini ukuta wa milima uliokuwa unamsubiri ni huuhuu. Ukishafika juu unadhani kazi imekwisha, kwa sababu nchi inafunguka, upepo unakuwa baridi, na unaona mbali. Kumbe hapo ndipo njia inapoanza kupenya kati ya vilima vya mawe, ile miamba mikubwa ya Iringa iliyobebana kama imepangwa kwa mkono, vichaka vimejaa katikati, na nyasi ambazo mwezi wa nane zimeshakauka. Lugalo ipo kwenye nchi ya namna hiyo, mashariki ya Iringa mjini, baada ya kuipita Ilula ukitokea Morogoro.

Emil von Zelewski hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Ndiye yule wakala wa kampuni ya Wajerumani aliyekuwa Pangani mwaka 1888, ambaye ubabe wake ulichangia kuwasha vita vya Abushiri. Wenyeji walimwita Nyundo. Mwaka 1891 alikuwa kamanda wa jeshi la Kijerumani katika koloni. Vita alivyovizoea ni vya pwani: mji una boma, boma lina lango, unapiga mizinga, unaingia. Alipopanda kuja Uhehe alichoma vijiji njiani, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipoanza kushindwa. Kila kijiji kilichoungua kilipeleka habari ya mahali alipo na anaelekea wapi, na yeye hakuwa na mtu wa kumpelekea habari ya Wahehe walipo.

Msafara wenyewe ulikuwa hivi: askari wapatao 320, wengi Wasudani na Wazulu walioajiriwa kutoka nje na wasioijua nchi hii hata kidogo, wapagazi wapatao 170, maofisa wa Kizungu zaidi ya kumi, punda, mizinga. Jumla ni kama watu 500. Njia ilikuwa ya mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Mpe kila mmoja mita mbili tu, punda usiwahesabu, tayari una mstari unaofika kilomita nzima. Wa mbele hamwoni wa nyuma. Amri ikitolewa mbele, mkiani haifiki. Na Zelewski hakuweka watu wa kupekua vichaka vya pembeni, kwa sababu aliwadharau Wahehe.

Saa moja asubuhi hivi, msafara ukaingia kwenye mkanda ambao mawe na vichaka vinaisogelea njia. Wahehe wanaokadiriwa kuwa 3,000 walikuwa wamelala humo, hatua kama 30 tu kutoka njiani. Tafakarini hilo wakuu. Watu 3,000 wamelala chini kwenye nyasi kavu, baridi ya asubuhi ya Agosti tunaijua, na hakuna aliyekohoa.

Sasa hatua 30 ni nini kwa vita? Kijana mwenye mbio anazimaliza kabla hujahesabu kumi. Bunduki za askari wa Zelewski zilikuwa za risasi moja moja: unafyatua, unafungua, unatoa ganda, unaweka nyingine, unafunga, unalenga. Ilikuwa silaha ya kumpiga mtu akiwa mbali, mita mia kadhaa, kabla hajakusogelea. Ukimwanzishia mwenye bunduki vita hatua 30 kutoka alipo, umeshamnyang'anya faida yake yote, na hapo mkuki ni wa haraka kuliko risasi ya pili. Askari wengi walipata nafasi ya kufyatua mara moja au mbili tu. Mizinga na bunduki za rasharasha zilikuwa bado ni mizigo. Punda walishtuka wakakatiza ndani ya mstari, na vurugu ikazidi.

Ndani ya dakika kumi hivi mambo yalikuwa yamekwisha. Zelewski aliuawa kwa mkuki. Simulizi inasema aliyemchoma alikuwa kijana wa miaka 16, na kwamba Mkwawa alimzawadia ng'ombe watatu. Wazungu 10 walikufa, askari zaidi ya 200 walikufa, na wapagazi wengi pamoja nao. Bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu vikabaki Uhehe.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitaji. Waliopona, wengi walikuwa wa kikosi cha nyuma chini ya Luteni Tettenborn. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alifyatua risasi kumpiga ndege, Wahehe wakadhani wameonekana, wakainuka kabla mkia wa msafara haujaingia wote kwenye mtego. Tettenborn akapata sekunde zile ambazo wenzake hawakuzipata, na alichokifanya nazo ni kupanda mwinuko. Alisimamisha bendera huko juu ili walionusurika wajue pa kukimbilia, na akakaa hapo saa nyingi. Wahehe walijaribu kuwatoa kwa kuzichoma moto zile nyasi kavu. Kwa hiyo hata kilichowaokoa Wajerumani wachache siku ile kilikuwa kilima.

Sehemu ya Kalenga naileta. Kwanza nawapisha wachangiaji.

Mdau, Ilula

Mkuu umeshusha nondo. Sisi wa huku ule mnara wa Wajerumani waliouawa tunaupita tukienda mjini, na watoto wengi hawajui ni wa nini. Habari ya moto wa nyasi hata wazee wetu walikuwa wanaisema. Swali langu: kama milima ndiyo silaha, kwa nini Wahehe hawakuwamaliza walipokuwa wanapanda kutoka bondeni? Mtu anapanda amechoka, mizigo mgongoni, wewe uko juu. Kwa nini wasubiri mpaka wafike kwenye uwanda?

Mdau, Mafinga

Nakazia swali la jirani. Na mimi nataka kujua hao 3,000 walikula nini na kukaa wapi bila kuonekana.

Mleta uzi

Swali zuri sana la mwenzetu wa Ilula, na jibu langu ni hili. Ukingo mkali unamfaa mwenye silaha za kutupa au kufyatua kutoka juu. Mwenye mkuki anahitaji kukimbia na kufika. Kwenye mteremko mkali, wewe uliye juu unaweza kuviringisha mawe, unaweza kuua wachache wa mbele, lakini huwezi kushuka watu 3,000 kwa mpigo na huwezi kuwazunguka. Adui anarudi chini, anajipanga, anafungua mizinga yake, na sasa anajua ulipo. Wahehe walitaka mahali pa kuuzoa msafara mzima kwa ubavu, kuanzia kichwani hadi mkiani, kwa wakati mmoja. Mahali hapo pasiwe na mwinuko mkali wa kuwachelewesha, lakini pawe na mawe na vichaka vya kuwaficha karibu kabisa na njia. Lugalo inatimiza yote mawili. Hapo ndipo ninapoona akili ya kivita ya hali ya juu kabisa.

Kuhusu chakula na makazi, mkuu wa Mafinga, hilo ndilo linalomtofautisha mwenye nchi na mvamizi. Zelewski alitembea na chakula chake na wapagazi wa kukibeba. Mhehe alikuwa nyumbani, kila upande kuna kijiji. Halafu tusisahau hawa hawakukusanyika kwa ajili ya Wajerumani tu. Baba yake Mkwawa, Munyigumba, alishaziunganisha himaya ndogondogo za Uhehe kuwa dola. Mwishoni mwa miaka ya 1870 walipigana na Wangoni, kabla yake na baada yake walipigana na Wasangu, na Wamasai walikuja wakarudishwa. Kufikia 1891 lilikuwa jeshi lenye vikosi, viongozi wa vikosi, na mazoea ya kusogea usiku.

Mdau, Dar (mzaliwa wa Kilolo)

Naongeza kidogo kwa vijana: kambi ya jeshi ya Lugalo hapa Dar imepewa jina la vita hivi. Zamani iliitwa Colito. Watu wanaitaja Lugalo kila siku kwa sababu ya hospitali ya jeshi, na hawajui kwamba Lugalo yenyewe ni kijiji chetu huko juu. Mleta uzi endelea, usituache njiani.

Mleta uzi

Asante dada kwa hilo. Sasa Kalenga.

Mkwawa alianza kujenga ngome ya Kalenga miaka michache kabla ya Lugalo. Jina la ngome ni Lipuli, wapenzi wa soka wa Iringa mnalijua kwa timu yenu. Ilikuwa na ukuta wa mawe unaofika kama mita 4 kwenda juu, umezunguka eneo kubwa kando ya Ruaha Mdogo, kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini ya leo. Ndani kulikuwa na makao ya mfalme, watu wake, pembe za ndovu, baruti.

Kwa vita vya Wahehe na majirani zao, ngome ile ilikuwa kitu kikubwa mno. Wangoni hawana mizinga, Wasangu hawana mizinga. Mto unakupa maji hata ukizingirwa na unamzuia adui upande mmoja. Bonde lina rutuba, mahindi yapo karibu. Ukiangalia kwa macho ya mwaka 1887, mahali palichaguliwa vizuri.

Lakini nenda usimame pale Kalenga leo, usiangalie makumbusho kwanza, inua macho. Uko bondeni. Juu yako kuna vilima, na upande mmoja ni Tosamaganga. Wazee wanasimulia kwamba mizinga ya Wajerumani iliwekwa upande huo na kurusha makombora ndani ya ngome. Mpiga mizinga anayekaa juu anaona kila kitu: anaona kombora limeanguka wapi, anarekebisha, anapiga tena. Aliye ndani ya ukuta anaona moshi tu. Ukuta wa mita 4 unamzuia mtu anayekuja kwa miguu. Kombora linalotoka kilimani linaupita kwa juu.

Na Wajerumani wa 1894 hawakuwa wa 1891. Walikuwa na miaka mitatu ya kutafakari Lugalo. Gavana von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa zaidi. Pamoja naye alikuwa Tom von Prince, yule waliyemwita Bwana Sakarani, ambaye Januari 1893 alishalivamia boma la mtemi Isike kule Unyanyembe, Tabora. Huyu alikuwa mtu wa kuvunja ngome, ndiyo kazi aliyoijua. Lugalo Mkwawa alimlazimisha mtu wa mabomani kupigana vichakani. Kalenga alimkaribisha mtu wa mabomani kwenye boma.

Tarehe 30 Oktoba 1894 ukuta ulivamiwa, wakapigana nyumba kwa nyumba, na Kalenga ikaanguka. Tazameni na majira pia. Mwisho wa Oktoba ni mwisho wa kiangazi huku kwetu. Mto uko chini kabisa, njia ni kavu, mizinga inaburutwa bila kuzama matopeni. Wangechelewa hadi mvua zishike, kazi ya kuifikisha ile mizinga ingekuwa nyingine kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni zile bunduki 300 za Lugalo. Bunduki ni mali kama una risasi zake na watu waliozoea kulenga kwa mbali. Wahehe walikuwa mabingwa wa hatua 30. Ndani ya ngome ule ubingwa hauna pa kutumika: adui yuko mbali, yuko juu, na wewe huwezi kumfikia. Ukuta uliokusudiwa kuwalinda uliwanyima mbio zao.

Mdau, Kalenga (mzee)

Mwanangu, nimekusoma toka mwanzo na umeandika kwa heshima, nakushukuru. Ila hapa nitakupinga. Unaandika kana kwamba mtwa angeweza kuchagua tu: leo nipigane vichakani, kesho nikae ngomeni. Mfalme ana watu. Wako kina mama, watoto, wazee wasioweza kukimbia, ng'ombe, hazina ya nchi. Ukiwaacha watu wako wazi Mjerumani anawachomea kama alivyofanya 1891. Ngome ilikuwa ahadi ya mfalme kwa watu wake. Usiihesabu kwa mizinga peke yake.

Mdau, Makambako (mstaafu wa jeshi)

Mzee wetu ana hoja, na mleta uzi ana hoja. Mimi nataka kuongeza mfano wa Dien Bien Phu, Vietnam, mwaka 1954, maana ni somo hilihili ila waliokaa bondeni safari hii walikuwa wakoloni. Wafaransa walishuka kwa miavuli Novemba 1953 kwenye bonde karibu na mpaka wa Laos, wakajenga ngome na uwanja wa ndege. Waliamini hakuna mtu anayeweza kupandisha mizinga kwenye ile milima iliyowazunguka. Jenerali Giap wa Wavietnam akaipandisha, vipande vipande na kwa kamba, watu wakivuta kwa mikono, na kuichimbia ndani ya mlima isionekane. Machi 13 mizinga ikaanza, uwanja wa ndege ukafungwa kabla mwezi haujaisha, na Mei 7 ngome ikaanguka. Kamanda wa mizinga wa Wafaransa alijiua mwenyewe siku za mwanzo tu. Miezi miwili baadaye mkataba wa Geneva ukasainiwa, Ufaransa ikaondoka. Vita ile ndiyo iliyoamua uhuru wa Vietnam kaskazini.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu wa Kalenga. Nimeipokea hoja yako na nataka niijibu kwa uzito wake.

Ni kweli kabisa kwamba mfalme mwenye dola hana uhuru wa kukimbia kama mwindaji. Na ukiangalia aliyofanya Prince baada ya 1894, utaona Wajerumani walilijua hilo. Hawakumshinda Mkwawa kwa kumfukuza tu milimani. Walichoma mashamba, walichukua ng'ombe, waliwakamata wanawake na ndugu. Walimpa mdogo wake Mpangile kiti cha utawala, halafu Februari 1897 wakamnyonga kwa madai kwamba anamsaidia kaka yake. Walipiga pale ambapo mwenye nchi hawezi kupahamisha. Kwa hiyo sisemi Mkwawa alikosea kuwa na ngome. Ninachosema ni kwamba ngome ilihitaji vilima vyake. Adui anayeleta mizinga, vita yako naye inatakiwa iwe huko nje, kwenye njia ya kupandia, kwenye vivuko vya mto, na pale Tosamaganga juu, kabla gurudumu la kwanza halijasimama. Jeshi la Lugalo lingeweza kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana naumia.

Mkuu wa Makambako, mfano wako umekaa mahali pake. Nitaongeza tofauti moja. Giap alikuwa na muda wa miezi, na alikuwa na wakulima kwa makumi ya maelfu wa kubeba mchele na risasi kupita porini kwa baiskeli na mabega. Kilima bila mtu wa kulisha walio juu yake ni kilima kitupu. Schele naye alikuwa na wapagazi wake na washirika wake, na hapa ndipo jirani zetu wa Mbeya wanapoingia.

Mdau, Mbeya

Nilikuwa nasubiri hapo mkuu! Sisi huku tunaambiwa Utengule ilikuwa makao ya Merere, mtawala wa Wasangu wa Usangu, alipokimbia vita vya Wahehe. Je, ni kweli Wasangu waliwasaidia Wajerumani? Na kama ni kweli, tuwaite wasaliti?

Mleta uzi

Kweli mkuu, Merere alishirikiana na Wajerumani, na baada ya nguvu ya Mkwawa kuvunjwa Wasangu wakarudishwa kwenye nchi yao. Neno usaliti mimi silitumii hapa. Fungua ramani tena. Usangu ni tambarare kubwa ya malisho na maji, ng'ombe wengi, haina ukingo wa kumzuia anayeshuka kutoka Uhehe. Mhehe alikuwa na ngome ya asili mgongoni, anashuka, anapiga, anapanda na ng'ombe. Msangu alisukumwa magharibi mpaka Utengule, chini ya milima ya Mbeya, na akakaa huko miaka mingi akiitazama nchi yake ikiliwa na mwingine. Kwake mwaka 1894 hakukuwa na kitu kinachoitwa Tanganyika cha kusaliti. Kulikuwa na jirani aliyemnyang'anya nchi na mgeni aliyeahidi kumrudishia. Tukitaka kuieleza historia hii kwa haki, lazima tukubali kwamba ile milima iliyowalinda Wahehe iliwaumiza wengine.

Mdau, Ilula

Sasa mkuu, baada ya Kalenga mbona vita viliendelea karibu miaka minne? Kama ngome ilianguka si ndiyo mwisho?

Mleta uzi

Hapana, na hapo ardhi inarudi tena upande wa Mkwawa. Alitoka Kalenga hai, akarudi kwenye vita alivyovijua: misitu ya Udzungwa, mabonde ya kuelekea Ruaha, mawe yenye mapango. Leo yuko huku, kesho kule, na watu wanampelekea chakula usiku. Wajerumani wenye mizinga hawakumpata kwa sababu mzinga hauna kazi kwa mtu asiyekaa mahali pamoja. Waliishia kutangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amebaki na watu wachache kabisa, mgonjwa na mwenye njaa, alijipiga risasi Mlambalasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu likarudishwa mwaka 1954. Liko Kalenga.

Kuna uamuzi mmoja wa Prince ambao kwangu unathibitisha hoja ya uzi huu kuliko maneno yangu yote. Mwaka 1896 alitakiwa kujenga kituo cha kudumu cha kutawala Uhehe. Kalenga ilikuwa pale pale, makao yaliyozoeleka, maji yapo, watu wapo. Hakujenga Kalenga. Alipanda juu ya ukingo, akaweka boma mahali ambapo Ruaha Mdogo unauona uko chini yako na vilima vya karibu havikutishi. Hapo ndipo Iringa mjini ilipo leo.

Mdau, Njombe (mwalimu)

Mimi nafundisha jiografia na historia kidato cha tatu. Nataka nilete wanafunzi, siku moja tu, bajeti ya basi ni ndogo. Nianzie wapi? Na wakati gani wa mwaka?

Mleta uzi

Mwalimu, karibuni sana Iringa. Mwezi wa nane kabla shule hazijabanwa na mitihani ndio mzuri, kwa sababu nchi inakuwa kama ilivyokuwa siku ya vita: nyasi kavu, majani yamepungua, mawe yanaonekana.

Anzeni Lugalo asubuhi na mapema. Msiishie kwenye mnara. Wapange wanafunzi kumi njiani mmoja nyuma ya mwenzake, wengine waende wakalale nyuma ya mawe na vichaka, kisha wapime hatua 30 kwa miguu yao na watumie saa kuona inachukua sekunde ngapi kuzikimbia. Waache wao wenyewe waseme bunduki ya risasi moja ingesaidia nini.

Mkitoka hapo piteni mjini, nendeni moja kwa moja Tosamaganga kabla ya Kalenga. Watu wengi wanaanza makumbusho, halafu kilima hawakipandi kabisa kwa sababu muda umeisha. Kutoka juu waonyeshe Kalenga ilipo, wachore ramani kwa penseli, waweke mto, waweke ukuta, waweke mizinga. Ndipo mshuke Kalenga, muone fuvu na mabaki, na mwenyeji wa pale awasimulie. Mzee wetu aliyechangia hapo juu kama yupo na anaridhia, nitafurahi mkikutana naye, ana upande wa hadithi ambao mimi sina.

Mlambalasi kwa siku hiyohiyo hamtaiwahi. Ni mbele zaidi ya Kalenga, njia ya kuelekea hifadhi ya Ruaha, inataka siku yake. Mkija na basi la Njombe, toka saa kumi alfajiri, na wabebeni maji ya kutosha, Lugalo jua likishapanda hakuna kivuli.